Lumbesa

Nalipwa mia nne kwa tangazo moja,
mia sita likiwa na picha ya mtu anayecheka.
Naandika usiku, chumba cha uani, Uyole,
nyuma ya duka la pembejeo linalonuka dawa ya ukungu,
blanketi mabegani, vidole vya Juni vimekakamaa.

Sarafu yenyewe inaitwa Zidisha.
Haina sura ya mtu, haina mlio ikianguka sakafuni.
Bosi wangu simjui. Namjua kwa picha ya tai
na kwa neno lake moja: Ongeza.
Nikiandika "faida," anajibu: Ongeza.
Nikiandika "faida maradufu," anajibu: Ongeza.
Usiku mmoja, saa nane, sakitu ikishuka juu ya bati,
nikaandika
ZIDISHA: MBEGU ISIYOHITAJI MVUA.
Akanyamaza. Kisha akatuma kidole gumba.

Nimekulia Isyonje, kando ya barabara ya viazi.
Najua gunia linavyojazwa likajaa,
kisha likabebeshwa nusu nyingine juu yake,
likashonwa kwa kamba ya katani hadi likaota nundu,
na mnunuzi akaliita gunia moja.
Hiyo ndiyo lumbesa. Tumeibiwa nayo tangu enzi za babu.
Sasa sindano ninayo mimi.
Nashona maneno juu ya maneno:
daftari lisilofutika, mnyororo usiokatika,
utajiri unaokukuta umelala.
Ila ndani ya lumbesa ya mnunuzi
kulikuwa na viazi.

Mei bosi hakutuma shilingi. Alituma Zidisha elfu tisa.
Nazitazama kwenye simu, namba ya kijani,
inaumuka kila nikichungulia, kama komoni mtungini.
Hazikuninunulia hata kopo la mkaa.
Nikauliza: natoaje?
Akasema: akipatikana mnunuzi.
Ongeza.

Jumapili akaja shangazi Subilaga.
Ameuza magunia kumi, mnunuzi akahesabu saba;
laki tatu na themanini ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.
Hakukaa. Alininyooshea simu yake iliyopasuka kioo.
"Lugano, wewe uliyesoma, hebu nisomee tena hapa,
ingawa nimeshakariri:
mbegu isiyohitaji mvua."
Aliyatamka polepole, kama anayeonja chumvi ya mboga,
na mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilijisikia vizuri.
Hakuna aliyewahi kukariri kitu nilichoandika.

"Na hili daftari lisilofutika," akauliza,
"hata aliyeandika akikosea?"
Kwenye kikoba chao yeye ndiye mweka hazina.
Ana kifutio cha waridi kilichobaki kama punje ya harage;
alifuta nacho deni la Tumpale alipofiwa,
akaandika juu yake kwa penseli: tutaona.
"Halifutiki, shangazi. Hata akikosea."
"Mh."

Nikapiga hesabu. Sikutaka, lakini nilipiga.
Laki tatu na themanini ndiye yule mnunuzi.
Kodi yangu, mkaa wangu, Mei yangu yote
ilikuwa imesimama mlangoni,
vumbi la Isyonje mpaka magotini.

Nikasema haraka, kabla ulimi haujapoa:
"Maneno hayo nimeyaandika mimi.
Nalipwa. Sijui kama ni kweli.
Hata mwenye sarafu simjui, namwona tai tu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mizani,
anasubiri mshale utulie.
Kisha uso ukafunguka.

"Ni wewe?" akasema. "Mtoto wa kaka yangu?"
Akafungua mkebe.
"Basi. Nilikuwa naogopa ni mtu nisiyemjua."